Msimu Usio na Bingwa: Mupira Wetu, Makuta Yetu, Haki Yetu

Maneno yaliyosomwa mbele ya vijana, Lubumbashi, Desemba 2025. Tunayaweka hapa jinsi yalivyosemwa, juu ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Jambo kwenu mulioko hapa, mumetoka Kenya, Katuba, Kamalondo, Kampemba, wengine kwa mguu. Jambo pia kwenu munaotufuata kwa telefone toka Goma, Bukavu, Kindu, Kolwezi na Kinshasa.

Waliniomba niseme juu ya haki za vijana. Nitasema juu ya mupira. Siyo juu ya kuwachekesha. Ni juu kila mutu hapa anaujua mupira, na hakuna atakayeniambia "hayo ni mambo ya bakubwa, sisi hatuyaelewi". Mutu ambaye anaweza kutaja wachezaji 11 wa Mazembe bila kusoma karatasi anaweza pia kuelewa bajeti ya leta. Akili ni ile ile.

Nataka tuanze na msimu mumoja tu: 2022-2023.

Fungueni orodha ya mabingwa wa Linafoot. 2020-2021: Vita Club. 2021-2022: TP Mazembe. 2023-2024: TP Mazembe tena, taji la 20. 2024-2025: Aigles du Congo ya Kinshasa, taji lao la kwanza. Na 2022-2023? Hakuna. Pale pako wazi. Msimu ulianza, mechi zikachezwa, basuporta wakalipa kuingia uwanjani, magoli yakahesabiwa. Kisha makuta yakakosekana, msimu ukasimama njiani katika 2023, na haukufika mwisho.

Mutasema: hata 2020 msimu ulisimama. Kweli. Lakini 2020 ilikuwa corona, dunia nzima ilisimama, na Mazembe alipewa taji kwa jinsi jedwali lilivyokuwa. 2023 hakukuwa ugonjwa. Kule Tanzania walikuwa wanacheza. Zambia, hapa karibu na Kasumbalesa, walikuwa wanacheza. Angola walikuwa wanacheza. Kwetu tu mupira ulisimama, na mwaka huo huo wa 2023 FIFA ikaweka kamati ya kusimamia FECOFA.

Kijana wa miaka 19 aliyecheza vizuri msimu ule, magoli yake yako wapi? Mwalimu aliyeandaa ekipe yake miezi na miezi, kazi yake iko wapi? Ni kama mwanafunzi aliyefanya mitihani yote, kisha wanamwambia: mwaka umefutwa, rudi nyumbani, na hakuna mutu atakayekuelezea juu ya nini. Kuna wengi hapa ambao wanajua vizuri jambo hilo linavyouma.

Tulikuwa nani

Wengine wanafikiri mupira wetu ni mudogo, kwa hiyo si kitu ukisimama. Tukumbushane.

Shampiona ya taifa ilianza 1958, mbele ya uhuru. Mazembe, iliyozaliwa hapa Lubumbashi 1939 kwa mikono ya wamisionere wa Benedikto, ilitwaa kombe la mabingwa la Afrika 1967 na 1968, kisha 2009, 2010 na 2015. Mara 5. Vita Club ililitwaa 1973. Motema Pembe ilitwaa kombe la washindi 1994. Na 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe ilifunga Internacional ya Brazili 2-0 na kuingia fainali ya dunia ya kilabu, kilabu cha kwanza cha Afrika kufanya vile. Inter ya Milan ilitupiga 3-0 kwenye fainali, lakini dunia yote ilikuwa imejua Lubumbashi iko wapi.

Kuna pia CHAN, ile mashindano ambapo kila inchi inaleta wachezaji wa shampiona yake ya ndani tu. Kongo ilishinda ya kwanza kabisa, 2009. Ikashinda tena 2016 kule Kigali, 3-0 mbele ya Mali. Kwenye ile fainali ya 2016, kijana mumoja wa shampiona ya ndani alifunga magoli 2. Jina lake Meschack Elia.

Sasa tuje mwezi uliopita. Tarehe 16 Novemba 2025, Rabat, Léopards mbele ya Nigeria. Nigeria wanafunga mapema. Nani anarudisha? Meschack Elia. Mechi inaisha 1-1, tunapita kwa penalti, na leo inchi nzima inaota Kombe la Dunia, ambalo hatujaingia tangu 1974. Usiku ule munaukumbuka. Mulilia, muliimba, wengine mulilala kesho yake mchana.

Goli lile lilizaliwa wapi? Lilizaliwa kwenye shampiona ya ndani, kwenye uwanja wa Kamalondo, kwenye safari za Linafoot. Karibu wachezaji wote wa Léopards wanacheza inje, na wengi walikulia inje kabisa. Hiyo siyo mbaya, ni watoto wetu. Lakini kijana wa Katuba ambaye hana mama wala mujomba Bruxelles, mulango wake ni mumoja tu: shampiona ya ndani. Ukiufunga ule mulango, umemfungia yeye peke yake. Mutoto wa mukubwa hataumia.

Juu ya nini msimu unakufa

Tusiseme tu "bakubwa ni wabaya" kisha turudi nyumbani. Tuangalie mashine inavyofanya kazi.

Inchi yetu iko na kilomita za mraba zaidi ya milioni 2 na laki 3. Kinshasa na Lubumbashi haziunganishwi na barabara ambayo ekipe inaweza kuipita ikafika na miguu mizima. Kindu, nyumbani kwa Maniema Union, unafika kwa ndege, ao kwa treni ambayo hakuna mutu anayeweza kukuambia itafika siku gani. Kwa hiyo kwetu shampiona ni ya ndege. Inchi nyingine ekipe inapanda bisi asubuhi, inacheza kumi jioni, inalala nyumbani. Sisi tunapanda ndege.

Tufanye hesabu, kwa mfano tu, kila mutu aifuate kichwani. Tuseme ekipe inasafiri na watu 25. Tuseme tikiti ya kwenda na kurudi ni dola 400. Safari moja: dola 10.000. Tuseme kwa msimu kuna safari 10 za ndege: dola 100.000. Na hapo hatujala bukari, hatujalala hoteli, hatujalipa mutu mshahara.

Makuta hayo yatatoka wapi? Tikiti za uwanjani? Uwanja ukijaa ni mara chache, derby ya Mazembe na Lupopo ao ya Vita na Motema Pembe. Televisheni? Mutu mumoja hapa anaweza kunyoosha mukono na kuniambia haki za televisheni za Linafoot zimeuzwa kwa bei gani, na kila kilabu kinapata ngapi? Hakuna. Sasa linganisheni na Tanzania: 2021 Azam Media na shirikisho lao walisaini mkataba wa miaka 10 kwa bilioni 225,6 za shilingi. Mimi niko Lubumbashi, sijawahi kukanyaga Dar es Salaam, na ninaijua hesabu ile. Ya inchi yangu siijui.

Kwa hiyo inabaki njia mbili: musaada wa leta, ao mufuko wa mutu mumoja mwenye nguvu. Musaada wa leta ukichelewa, shampiona inasimama. Mufuko wa mutu ukifunga, kilabu kinaanguka.

Tuangalie hapa nyumbani. Mazembe iko nyuma ya Moïse Katumbi, mufanyabiashara, gavana wa zamani, mukubwa wa upinzani. Lupopo iliongozwa na Jacques Kyabula akiwa gavana wa Haut-Katanga. Sisemi mabaya juu yao. Uwanja wa Kamalondo unaonekana kwa macho, hakuna anayeweza kuukataa, na Lupopo leo iko kwenye makundi ya ligi ya mabingwa ya Afrika. Lakini jiulizeni: kilabu cha reli, cha wale tuliowaita Cheminots, na kilabu cha muji mzima, vimekuwaje vitu ambavyo vinapumua tu kama mwanasiasa mumoja anapumua? Siku derby inachezwa, ni mupira ao ni kampeni? Na siku mukubwa akikosana na Kinshasa, ni nani analipa? Ni mchezaji na suporta.

Kilabu chenye hesabu zilizo wazi, chenye memba wanaochagua, chenye mkataba wa televisheni unaojulikana, hicho kinaweza kubadilisha rais bila kufa. Hicho njo tunataka.

Na vita

Siwezi kusema juu ya msimu wa mupira Kongo nikaruka Goma na Bukavu. Mwisho wa Januari 2025 Goma ilianguka mikononi mwa M23. Februari, Bukavu. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Dauphin Noir na DC Virunga ni kilabu za Goma. Bukavu Dawa ni ya Bukavu. Leo Mazembe haiwezi kushuka Goma kucheza kwenye Stade de l'Unité kama zamani, na mutoto wa Kadutu hawezi tena kuona mechi ya shampiona ya taifa kwa macho yake.

Shampiona ya taifa ni moja ya vitu vichache ambavyo kila wiki vinatuambia kwamba tuko inchi moja. Mutu wa Kananga anajua jina la Kindu juu ya Maniema Union. Mutu wa Kinshasa anajua Mbuji-Mayi juu ya Sanga Balende. Watu wanaotaka kutukata vipande hawahitaji bunduki tu. Inatosha pia kwamba tusijuane tena.

Munakumbuka 7 Februari 2024, Abidjan, nusu fainali ya kombe la Afrika mbele ya Côte d'Ivoire? Wimbo wa taifa unapigwa, na wachezaji wetu wanaweka mukono mumoja kwenye mudomo na vidole vya mukono mwingine kichwani kama bunduki. Maana yake: wanatuua na dunia inanyamaza. Wachezaji hawakusema hata neno moja, na dunia ilisikia. Wale wanaotuambia "musichanganye mupira na mambo ya inchi", waende kuwaambia wale wachezaji 11.

Makuta yanakwenda wapi

Sasa nafika mahali ambapo damu yangu inachemka, munisamehe nikipaza sauti.

Mwaka ule ule wa 2023, msimu wetu ulipokufa bila makuta, Kinshasa ilipokea Michezo ya Francophonie, tangu 28 Julai mpaka 6 Agosti. Viwanja vilitengenezwa, vingine vikajengwa, wageni wakapokelewa, fataki zikapigwa. Mimi sikatai kupokea wageni. Lakini inchi ambayo inaweza kuandaa siku 10 za wageni na haiwezi kumaliza miezi 10 ya watoto wake, hiyo siyo umaskini. Hiyo ni kuchagua.

Kisha 2025. Serikali inasaini na AC Milan. Inasaini na AS Monaco. Mwezi wa saba inasaini na FC Barcelona, miaka 4, na magazeti yaliandika zaidi ya milioni 40 za euro. Tumeambiwa ni juu ya utalii na sifa ya inchi, na kwamba vijana wetu watapata mafunzo ndani yake. Sawa. Tuchukue ile hesabu yetu ya mfano. Milioni 40 kwa miaka 4 ni milioni 10 kwa mwaka. Kilabu kimoja, tulisema, kinahitaji dola 100.000 za ndege kwa msimu. Kilabu 20 ni milioni 2. Tuseme nilikosea, tuseme ndege ni bei mara tatu: milioni 6. Bado tuko chini ya kile Barcelona peke yake inapewa kwa mwaka, na hatujahesabu Milan wala Monaco.

Sitaki mutoke hapa mukisema "amechukia Barcelona". Wengi hapa muko na maillot yao, muivae tu. Swali langu ni lingine: ni nani aliketi, akalinganisha vitu viwili hivi, na akaamua kwamba jina la Kongo linastahili kuwa kwenye mugongo wa mutoto wa Katalonia mbele ya mutoto wa Kongo kuwa na mahali pa kucheza? Aliamua tarehe gani? Kwa mustari gani wa bajeti? Bunge liliulizwa? Hayo ni maswali ya raia. Kuyauliza siyo tusi.

Mchezaji ni mufanyakazi

Mimi nina diploma ya iniversite. Niliisoma miaka, familia iliuza vitu. Leo ninafundisha watoto wawili wa jirani hesabu, wakati mwingine wananilipa na unga. Sisemi hivyo mupate huruma, juu nusu ya watu walioketi hapa wako kama mimi. Nasema hivyo juu mchezaji wa Linafoot na mimi tuko ndugu wa tumbo moja.

Yeye alijifunza kazi yake, mimi nilijifunza yangu. Yeye anaambiwa "subiri, makuta yatakuja", mimi naambiwa "acha dosie, tutakuita". Yeye mara nyingi anacheza bila mkataba ulioandikwa vizuri, miezi inapita bila mshahara, akilalamika wanasema hana nizamu. Mimi nikiuliza juu ya nini kazi inapewa mutoto wa mukubwa, wanasema ninafanya politike. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu kwa kila Mukongomani, na kwamba leta inalinda raia asikose kazi na apate malipo ya haki. Hakuna mahali imeandikwa "isipokuwa mchezaji wa mupira" wala "isipokuwa mwenye diploma asiye na mujomba".

Kwa hiyo yeye anafanya nini? Anaondoka. Fiston Mayele alitoka Vita Club akaenda Young Africans ya Dar es Salaam 2021. Kule akawa mufungaji bora, kisha Pyramids ya Misri ikamuchukua, na 2025 wakatwaa kombe la mabingwa la Afrika. Maxi Nzengeli alitoka Maniema Union, 2023, akaenda Young Africans pia. Henock Inonga alitoka Motema Pembe akaenda Simba. Elie Mpanzu alitoka Vita akaenda Simba. Jumamosi Watanzania wanajaza uwanja kuona watoto wetu. Sisi tunawaona kwenye telefone, kama megabaiti zipo.

Mimi ninawafurahia. Kuondoka siyo kosa, na mutu asituambie kwamba kijana anayetafuta maisha anasaliti inchi. Lakini inchi ambayo watoto wake wanaifanya ligi ya jirani iwe tamu, wakati ya nyumbani inakauka, iko na swali la kujibu. Na mujue: wale walioondoka walionekana kwanza hapa. Mutu wa Dar es Salaam alimuona Mayele juu Vita ilikuwa inacheza. Msimu ukifa, hata mulango wa kuondokea unakufa.

Wanatuambia nini

Kuna wale wanaosema: "Kuna vita, watu wanakufa, ninyi munaongea mupira." Ninawaheshimu. Lakini nawauliza: makuta ya shampiona yaliyokosekana 2023, mulisikia kwamba yalikwenda kwa askari wa mbele? Mulisikia yalikwenda kwa waliokimbia vita? Kama yangekwenda kule, mimi ningekuwa wa kwanza kunyamaza. Hakuna aliyetuonyesha. Mutu anayeficha hesabu ya mupira anaficha pia hesabu ya mushahara wa askari. Njia ya kuficha ni moja.

Kuna wengine wanaosema: "Mupira ni kitu cha kulevya vijana, wasifikirie." Inawezekana, kama sisi wenyewe tunakubali kulewa. Watu elfu kadhaa wanaoketi pamoja kila Jumapili wanaweza kuimba jina la mukubwa aliyelipa ngoma. Wanaweza pia kuuliza swali. Sisi njo tunaamua.

Na wa mwisho wanasema: "Hata mukiuliza, hawatajibu." Ndiyo, pengine mara ya kwanza hawatajibu. Lakini swali ambalo halijaandikwa ni rahisi sana kulikataa. Swali lililoandikwa, lenye tarehe na sahihi elfu mbili, linabaki mezani.

Tunadai nini

Nne tu. Mambo mengi yanasahaulika.

Kwanza: hesabu ya msimu wa 2022-2023 itoke. Leta ilitoa ngapi, nani alipokea, ilitumika wapi, msimu ulisimama kwa uamuzi wa nani. Miaka miwili imepita, wakati wa kusema "tuko tunachunguza" umekwisha.

Pili: mikataba ya AC Milan, Monaco na Barcelona iwekwe mahali ambapo raia anaweza kuisoma, pamoja na mustari wa bajeti unaoilipa.

Tatu: kabla ya kila msimu kuanza, Linafoot itangaze bajeti yake na haki za televisheni. Kama makuta ya safari hayako, iseme mbele, tupange makundi kwa jimbo, tucheze kwa jinsi tunavyoweza, lakini tumalize. Msimu mudogo unaofika mwisho ni bora kuliko msimu mukubwa unaokufa njiani.

Ine: kila mchezaji wa ligi ya kwanza awe na mkataba ulioandikwa, na kilabu kisicholipa miezi mitatu kisiruhusiwe kununua mutu mupya.

Tutafanya nini, sisi

Tusingojee mutu toka Kinshasa. Katiba imetupa vifaa, viko karatasini vinalala.

Kifungu cha 24: kila mutu ana haki ya kupata habari. Kifungu cha 27: kila Mukongomani, peke yake ao pamoja na wenzake, ana haki ya kupeleka petisio kwa mamlaka. Kifungu cha 138: mubunge anaweza kumuuliza waziri kwa maandishi ao kwa mudomo, anaweza kumuita, anaweza kuomba tume ya uchunguzi. Kwa hiyo mubunge wako asikudanganye kwamba hana nguvu. Nguvu iko. Kama hajaitumia, ni juu hujamuomba kwa namna ambayo anaona aibu kukataa.

Basi wiki hii tunaanza hivi. Petisio ya mambo ine iko tayari, iko mezani pale nyuma, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Kila mutu asome mbele ya kutia sahihi. Usitie sahihi kwa kitu ambacho hujasoma, hata kama mimi njo nimeandika. Kila kikundi cha karitie kimutafute mubunge wake na kimupatie kwa mukono, na kipige foto ya karatasi yenye muhuri wa kupokelewa. Kwenye mechi ijayo hapa muji, basuporta wa Mazembe na wa Lupopo, ninyi ambao kila siku munatukanana, mubebe bande moja ya kitambaa, maandishi mamoja, pande zote mbili: "2022-2023: bingwa yuko wapi?" Hakuna tusi. Hakuna jiwe. Hakuna kuvunja kiti, juu kiti kile kitalipwa na makuta yetu. Polisi wakija, tunaketi chini. Munajua mafundisho yetu.

Na kwa wale walioko Goma na Bukavu, ambao hawawezi kubeba kitambaa wala kutia sahihi bila hatari: hatuwaombi ushujaa. Kaeni wazima. Majina ya kilabu zenu yatakuwa kwenye petisio yetu, na tutaendelea kuyataja mpaka siku Stade de l'Unité itakapopokea tena ekipe ya Lubumbashi, na ninyi mutatufunga, na sisi tutakasirika kama zamani.

Mwezi wa tatu Léopards watacheza kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Tutaangalia wote, tutapiga kelele wote. Wakishinda, bakubwa watashuka kwenye ndege pamoja nao, wakiinua mikono. Tuwapongeze wachezaji kwa moyo wote. Na bakubwa, tuwangojee pale chini ya ngazi na karatasi yetu, kwa heshima, na swali letu lile moja.

Meza ya sahihi iko nyuma, na kalamu ziko tatu tu, kwa hiyo tupange mustari.